Karatasi Zilizotunzwa kwa Hofu

Stakabadhi ya kodi haina maneno mengi. Ina namba, mwaka, jina la mlipaji, kiasi alicholipa na sahihi ya karani. Haisemi fedha zile zilipatikana wapi, mlipaji alikopa kwa nani, wala aliuza nini. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za vijijini Tanzania kikaratasi hicho kilitunzwa kwa uangalifu kuliko picha ya harusi. Sababu inajulikana. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaendeleza kwa sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Chini ya tawala zote mbili, asiyelipa aliweza kulazimishwa kufanya kazi badala ya kodi. Mwanamume aliyesimamishwa njiani bila stakabadhi hakuwa na neno la kujitetea. Karatasi ndiyo iliyosema kwa niaba yake.

Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika historia, kuhusu kahawa na ardhi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kwa hiyo nimekuwa nikisoma nyaraka za aina mbili kwa wakati mmoja: za serikali, zilizohifadhiwa Dar es Salaam, na za sanduku la bati la babu yangu, aliyefariki nikiwa darasa la tano. Kadiri ninavyozisoma, jambo moja linazidi kuwa wazi. Nyaraka za nyumbani hazikutunzwa kwa ajili ya historia. Zilitunzwa kwa hofu. Karibu kila karatasi iliyobaki ilibaki kwa sababu kuna mtu aliogopa kwamba siku moja ataulizwa: una ushahidi gani? Msomaji wa historia akilisahau hilo, atazisoma vibaya. Akilikumbuka, ataelewa kilichomo, kisichokuwemo, na kwa nini karatasi hizi ziko hatarini zaidi leo kuliko zilivyokuwa miaka hamsini iliyopita.

Nianze na upande wa serikali, maana huko ndiko tunakofundishwa kuanzia.

Waingereza walikuwa na desturi ya kuweka kitabu kimoja katika kila boma, kilichoitwa Kitabu cha Wilaya. Ofisa mmoja aliandika, akahamishwa, mwingine akaja akaendeleza. Humo mna nasaba za watawala, orodha za koo, maelezo ya mila za ndoa na ardhi, habari za mazao na barabara. Leo vitabu hivyo ni hazina ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na mwanafunzi yeyote wa historia ya mikoani lazima apite hapo. Lakini vilikuwa na kazi yake. Gavana Donald Cameron, aliyeiongoza Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, alitaka kutawala kwa kupitia watawala wa jadi. Ili umpitie mtawala wa jadi, lazima kwanza ujue ni nani, baba yake ni nani, na nani anabishia cheo chake. Ndiyo maana kurasa zile zimejaa nasaba. Ukimtafuta mkulima mmoja mwenye kihamba kimoja na ng'ombe wawili zizini, humpati. Yumo ndani ya jumla tu: jumla ya walipa kodi, jumla ya wakulima wa kahawa.

Wenyeji nao hawakungoja kuandikiwa. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Kilutheri wa Marangu, aliandika madaftari ya historia ya Wachagga mwanzoni mwa karne ya 20, na Kathleen Stahl aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1964. Bila Mtui, mengi yasingejulikana. Lakini naye kwa sehemu kubwa aliandika habari za mangi. Aliyeshuka chini zaidi ni Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1986 kinafuata sheria za kimila za Kilimanjaro kwa karne nzima, kuanzia 1880 hadi 1980. Alisoma kumbukumbu za mahakama za chini na kufuatilia ugomvi wa familia moja moja. Si ajabu kwamba alimpata mkulima mahakamani. Mahakamani ndipo mkulima anapoulizwa ushahidi.

Sasa sanduku. Lina karatasi zaidi ya mia mbili, na nyingi ni stakabadhi za kahawa.

Kahawa iliingia Kilimanjaro miaka ya 1890 kupitia misheni ya Kikatoliki ya Kilema. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Moshi, aliwahimiza Wachagga waipande katika vihamba vyao, chini ya migomba. Walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walisema Waafrika wataeneza magonjwa ya mibuni na kwamba wizi wa kahawa utaongezeka. Waliogopa pia kukosa vibarua, maana mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwenzake kwa ujira mdogo. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha kwanza, na Joseph Merinyo akawa mmoja wa viongozi wake wakuu. Chama hicho kilipoyumba, nafasi yake ikachukuliwa mwaka 1933 na KNCU, muungano wa vyama vya msingi uliosajiliwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Ulikuwa muungano wa kwanza wa aina yake Tanganyika. Si wote walioupenda. Mwaka 1937, wakulima waliochoshwa na bei ndogo na kanuni ya kulazimishwa kuuza kahawa yote kupitia KNCU walishambulia majengo ya vyama vya msingi katika sehemu kadhaa za mlima.

Hayo yamo vitabuni. Sanduku linaonyesha namna yalivyofika mlangoni kwa mtu.

Stakabadhi za mwanzo zinapima kahawa kwa ratili, za baadaye kwa kilo. Malipo hayakuja kwa mkupuo mmoja. Mkulima alipewa malipo ya kwanza alipopeleka kahawa yake kwenye mizani, kisha akangoja kahawa iuzwe ndipo apate nyongeza. Kwa hiyo stakabadhi ya kwanza ilikuwa hati ya kudai. Ukiipoteza, umejikata mkono. Babu aliziweka hata baada ya kulipwa, na aligeuza migongo yake kuwa daftari. Nyuma ya moja ya mwaka 1954, wakati bei ya kahawa duniani ilikuwa juu sana, ameandika kwa penseli: bati, misumari, ada, chumvi, na mbele ya kila neno namba. Mwanauchumi angeweza kueleza bei za miaka ile kwa mchoro. Mimi nilimuuliza bibi.

"Huo ndio mwaka tulioezeka," alisema. "Kabla ya hapo tulikuwa chini ya majani ya migomba, na mvua ikinyesha sana tunahamisha kitanda."

Halafu vichwa vya karatasi vinabadilika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikuwa imekifanya kijiji chenyewe kuwa chombo cha uchumi, na kahawa ikawekwa chini ya mamlaka yake ya taifa. Katika vijiji vya mlimani, ambako watu walikuwa wamekaa karibukaribu tangu zamani, Operesheni Vijiji haikuwa na safari za malori kama Dodoma au Kigoma. Watu walibaki palepale, anwani ikabadilika. Sandukuni, jina la KNCU linatoweka juu ya stakabadhi, na linarudi katikati ya miaka ya 1980, baada ya ushirika kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuona siasa ya nchi kwa kutazama mihuri tu.

Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, stakabadhi zinakoma. Msimu wa 1994/95 serikali iliruhusu wafanyabiashara binafsi kununua kahawa moja kwa moja kutoka kwa wakulima. Makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yalikuwa yameshavunjika mwaka 1989. Ukimya wa sanduku ungeweza kutafsiriwa kwamba babu aliacha kulima kahawa. Sivyo. Baba mdogo anakumbuka wanunuzi waliokuja na gari na mizani, wakalipa taslimu na kuondoka. Taslimu haina malipo ya pili, kwa hiyo haikuhitaji karatasi ya kudai. Soko huria lilimpa mkulima fedha mkononi, na likamwacha mwanahistoria wa kesho bila kitu cha kusoma. Ninalitaja hili kwa sababu huwa tunadhani karatasi huongezeka kadiri miaka inavyosogea. Katika sanduku hili, muongo wa mwisho wa karne ndio mkavu kuliko yote.

Ukosefu wa pili ni mkubwa zaidi, na hauna mwaka. Katika stakabadhi zote za kahawa hakuna jina la mwanamke hata moja.

Mibuni ilihesabiwa kuwa mali ya mwanamume, uanachama wa ushirika ukawa wake, na malipo yakawa yake. Lakini anayejua kahawa ya mlimani anajua kazi yake. Ichumwe mbivu tu, tena kwa kurudia mti uleule mara kadhaa. Imenywe siku ileile, ioshwe, ianikwe, igeuzwe, ifunikwe mvua ikianza. Bibi alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini. Mizani ilipima ratili zake na karani akaandika jina la babu. Hakukuwa na hila yoyote kati ya babu na karani. Ndivyo fomu ilivyokuwa. Kwa kuwa hakuna aliyemtarajia bibi adai chochote, hakuna karatasi iliyomhitaji.

Kuna kumbukumbu moja ya kijijini inayomwona: vitabu vya usharika. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na pamoja na Biblia walileta utaratibu wa kuandika kila roho. Ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko: mwanamke yumo, kwa jina lake la ubatizo na majina ya wazazi wake wote wawili. Kwa mtafiti wa historia ya wanawake wa mlimani, vitabu hivyo vilivyoko ofisi za sharika vina thamani ambayo Kitabu cha Wilaya hakina. Navyo vina hofu yake. Kanisa liliogopa kupoteza roho, serikali iliogopa kupoteza kodi, mkulima aliogopa kupoteza shamba. Kila mmoja aliandika kile alichoogopa kupoteza. Ukiziweka kumbukumbu hizo tatu mezani pamoja, ndipo nyumba moja inaanza kuonekana na watu wake wote.

Hofu ya shamba inahitaji kuelezwa, maana ndiyo iliyopanga sanduku zima.

Kihamba si shamba tu. Ni mahali nyumba ilipo, migomba ilipo, na wazee walipozikwa. Kwa mila, kifungua mimba hupewa kihamba, kitinda mimba hurithi nyumba ya wazazi, na wa katikati hutafuta kwingine. Mipaka huwekwa kwa masale, mmea ambao pia hutumika kuomba msamaha. Jinsi watu walivyoongezeka, vihamba viligawanywa mpaka vikawa vipande, na familia zikatafuta mashamba ya chini, tambarare, ya mahindi na maharage. Huko chini hakuna makaburi wala masale ya vizazi vitano. Huko, karatasi ndiyo mizizi.

Babu alifunga karatasi zake kwa vitita, kila kitita kwa kamba ya mgomba. Kwa macho ya haraka vitita havina mpango. Katika kimoja kuna stakabadhi ya kodi, stakabadhi mbili za kahawa za miaka tofauti, cheti cha ubatizo cha mtoto, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na makubaliano ya kuuziana shamba yaliyoandikwa kwa mkono. Mhifadhi nyaraka mwenye haraka angevifungua, akapanga kodi na kodi, kahawa na kahawa, barua na barua, kwa kufuata miaka. Angekuwa nadhifu na angekuwa ameua maana. Kitita hicho ni kesi. Stakabadhi ya kodi inaonyesha babu aliishi hapa mwaka ule. Za kahawa zinaonyesha fedha ya kununulia ilitoka wapi. Cheti cha ubatizo kinaweka tarehe, kwa sababu shahidi mmoja alisema shamba lilinunuliwa "mwaka aliozaliwa yule mtoto". Barua inaonyesha kijiji kilimtambua. Babu, aliyesoma hadi darasa la nne, alikuwa ameandaa utetezi wake kabla hajashtakiwa. Wataalamu wa nyaraka hufundisha kwamba mpangilio wa mwenye karatasi usivunjwe. Hapa si kanuni ya darasani: kamba ya mgomba ni sehemu ya hati.

Shamba lile bado lina wanaolitolea macho. Kwa hiyo sitalitaja mahali lilipo wala majina ya majirani, na sehemu hiyo haitakuwamo kwenye tasnifu. Nilipomwomba baba mdogo ruhusa ya kupiga picha karatasi, alifikiri kwa muda mrefu.

"Hizi si hadithi, mwanangu," alisema. "Hizi ndizo zinazotuweka pale. Zikitoka nje, mtu akaona penye udhaifu, tumekwisha."

Kisha akaongeza, kwa upole na bila nia mbaya, "Lakini wewe huna shida na shamba. Piga."

Alimaanisha kwamba mimi ni mtoto wa kike. Kwa mila nitakwenda kukaa kwenye kihamba cha watu wengine, kwa hiyo mikono yangu ni salama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Baba mdogo anaijua sheria hiyo, amewahi kukaa kwenye baraza la ardhi la kijiji. Lakini kuijua sheria na kuiwazia nyumbani kwako ni mambo mawili. Niliaminiwa kusoma karatasi zote za ardhi yetu kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba ningeweza kuidai. Sijaidai. Ila siwezi kuzisoma karatasi zile kana kwamba sikusikia sentensi ile.

Hasa hati moja. Yale makubaliano ya kununua shamba la chini yana sahihi ya babu, ya muuzaji na ya mashahidi wawili, na mwishoni kabisa pana alama ya dole gumba la wino. Pembeni yake pameandikwa: mke wa mnunuzi. Jina halipo. Nilimwonyesha bibi. Alisogeza karatasi karibu na dirisha.

"Ni langu," alisema. "Na nusu ya fedha ile ilikuwa yangu. Fedha ya ndizi na maziwa, miaka mitatu. Babu yako alijua."

Sokoni kwa ndizi hakukuwa na mizani ya chama wala karani. Wanawake waliuza, wakafunga fedha kwenye pindo la kanga, wakarudi nyumbani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini mahakama hupima kilichothibitishwa, na bibi hakuwa na hata kikaratasi kimoja. Alikuwa na dole gumba, tena kama shahidi wa ununuzi wa shamba alilolilipia nusu.

"Andika na hilo," aliniambia.

Baba mdogo, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliuliza lina haja gani sasa, watu wote wakiwa wanakubaliana. Bibi hakugeuka. Alisema kama halina haja, basi halina ubaya.

Nikaliandika. Nilikuwa natengeneza orodha ya karatasi zote: namba ya kitita, aina ya hati, mwaka, maelezo mafupi. Nikaongeza safu nyingine, ya aliyeeleza. Mbele ya hati ile kuna maneno ya bibi, tarehe aliyoyasema na jina lake kamili, kama lilivyo kwenye kitabu cha usharika. Aliomba awekee dole chini yake, na aliweka. Kisheria sijui kama lina uzito wowote. Kihistoria, kuna karatasi sasa pale ambapo hapakuwa na karatasi, na wajukuu watakaofungua sanduku wataikuta kwenye kitita kilekile, baada ya ile ya kwanza.

Nchi yetu imewahi kufanya kazi ya namna hii kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini, katika maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, kukusanya kumbukumbu za wazee. Gilbert Gwassa na John Iliffe walihariri kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo mwaka huohuo. Wazee waliohojiwa walikuwa wameyaona kwa macho au kuyasikia kwa wazazi wao. Baada ya miaka kumi zaidi, wengi wasingepatikana. Kabla ya hapo, maelezo mengi ya vita hivyo yalitoka kwa Wajerumani waliovishinda. Wanafunzi wenye madaftari walibadilisha namna nchi inavyojieleza.

Leo sauti tunazirekodi kwa simu bila shida. Karatasi ndizo zinazotuponyoka, na hilo linanirudisha kwenye hofu. Karatasi iliyotunzwa kwa hofu huwa salama maadamu hofu ipo. Siku hofu inapoisha, karatasi inakuwa takataka. Kodi ya maendeleo, mrithi wa kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Tangu siku hiyo hakuna sababu ya kutunza stakabadhi za kodi, na nyumba nyingi zimeshawashia moto jikoni. Sasa vijiji vinapimwa na familia zinapewa hati za hakimiliki za kimila. Ni jambo jema. Lakini hati mpya ikitoka, makubaliano ya zamani yenye madole gumba, majina ya mashahidi na bei ya shamba kwa shilingi za wakati ule hayana kazi tena. Hati mpya itasema nani anamiliki. Haitasema alivyopata, kwa nani, kwa fedha ya nani. Dakika ile karatasi inapoacha kuwa ushahidi ndipo inapoanza kuwa historia, na ndiyo dakika inayotupwa.

Wengi wetu, wenye asili ya mlimani na wengineo, hurudi nyumbani mwezi Desemba. Kuna ng'ombe au mbuzi, kuna misa au ibada, kuna vikao vya ukoo. Kuna pia sanduku, au begi la zamani, au mfuko wa plastiki chini ya godoro. Msomaji, ukifika, usilichukue kulipeleka mjini. Sanduku likiondoka kijijini linaondoka na watu wanaolijua, na familia inapoteza ulinzi wake. Omba ruhusa kwa anayelishika. Piga picha kitita kwa kitita, kabla ya kufungua kamba na baada ya kuifunga tena. Piga mbele na nyuma, maana nyuma ndiko mahesabu yaliko. Weka nakala mahali pawili. Andika orodha, na uache moja ndani ya sanduku. Yenye ugomvi usiyaweke mtandaoni.

Kisha kaa na mzee, hasa bibi au shangazi ambaye jina lake halimo, umwonyeshe karatasi moja baada ya nyingine. Usiulize kwanza imeandikwa nini, hilo utalisoma mwenyewe. Uliza ni nini kilitokea mwaka ule, nani alifanya kazi, na fedha ilikwenda wapi. Andika jibu, andika tarehe, na andika jina la aliyejibu, lote.